Picha ya Dorian Gray: Kwa Nini Kamera Huhangaika na Uso Usiozeeka

Hadithi yenyewe inasimulika kwa pumzi moja. Kijana mzuri wa London, Dorian Gray, anachorwa na rafiki yake Basil Hallward. Picha inapokamilika, kijana anaitazama na kuingiwa na wivu: picha itabaki hivyo hivyo, yeye atazeeka. Anatamka kwamba angetoa hata roho yake ili mambo yageuke, picha ndiyo izeeke na yeye abaki alivyo. Tamko linapokelewa. Tangu siku hiyo kila ubaya anaoutenda unajiandika kwenye picha, naye anaendelea kung'aa mbele za watu. Wahenga wetu walishamweleza mtu wa namna hii: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Ukiisikia hivyo utadhani Oscar Wilde aliandika riwaya hii akiwa na sinema kichwani. Ina nguvu za giza, ina mauaji, ina chumba cha juu kilichofungwa kwa ufunguo, na ina mwisho ambao mtazamaji hausahau. Watengenezaji filamu waliivamia mapema. Denmark ilitoa filamu yake mwaka 1910. Mwaka 1915 Mrusi Vsevolod Meyerhold alitengeneza ya kwake, akampa mwanamke, Varvara Yanova, nafasi ya Dorian, na yeye mwenyewe akacheza kama Lord Henry, yule bwana mkubwa anayempotosha Dorian kwa maneno. Filamu hiyo imepotea, na ningetoa mengi kuiona. Ujerumani ilifuata mwaka 1917, na Hungaria muda mfupi baadaye. Zimekuja nyingine nyingi baada ya hapo, za sinema na za televisheni. Hata hivyo, filamu za Dorian Gray zinazobaki moyoni mwa mtu ni za kuhesabu. Riwaya inayoonekana rahisi kuliko zote kupigwa picha imewashinda wengi, na chanzo kimoja kinajitokeza kila mara: kitabu hiki kinaishi kwa yale kinayoyaficha, wakati kazi ya kamera ni kuonyesha.

Tuanze na kitabu chenyewe, kwa sababu hata kusema "riwaya ya Dorian Gray" kuna utata. Tarehe 30 Agosti 1889, mhariri wa jarida moja la Philadelphia, J. M. Stoddart, aliwaalika waandishi wawili chakula cha jioni katika hoteli ya Langham jijini London. Mmoja alikuwa Arthur Conan Doyle, mwingine Wilde. Mlo ule ulizaa hadithi mbili: Doyle aliandika kisa kipya cha Sherlock Holmes, na Wilde akaandika Dorian Gray. Stoddart alipopokea mswada alifyeka takriban maneno 500 aliyoona yatamletea matatizo, bila kumwambia mwandishi. Hadithi ikatoka katika toleo la Julai 1890, ikiwa na sura 13. Pamoja na kufyekwa huko, magazeti ya Uingereza yaliishambulia kwa hasira, na kampuni ya W. H. Smith ikaliondoa jarida kwenye vibanda vyake.

Mwaka uliofuata Wilde aliitoa kama kitabu chenye sura 20. Alipunguza makali ya maneno ambayo Basil anamwambia Dorian, akaongeza utangulizi kuhusu sanaa, na akamleta mhusika mpya, James Vane, baharia anayetaka kulipa kisasi cha dada yake. Kwa mtu wa filamu, James Vane ni zawadi. Toleo la 1890 halina mtu wa kumkimbiza Dorian. La 1891 lina bastola, uchochoro wenye giza karibu na bandari, na uso unaochungulia dirishani. Ndiyo maana waandishi wa filamu hulikimbilia toleo la pili, na ndiyo maana mara nyingi wanapata msako mzuri huku wakimpoteza Basil. Nitamrudia Basil.

Sasa, dhambi. Dorian anatenda nini hasa? Tunajua alimvunja moyo msichana mpaka akajiua. Tunajua alimuua Basil. Lakini kati ya matukio hayo inapita miaka mingi ambayo tunaambiwa tu kwamba vijana waliofuatana naye waliharibikiwa, wanawake waliomkaribisha walikuja kujuta, na baadhi ya watu walitoka chumbani kila alipoingia. Wakosoaji walipomshutumu, Wilde alijibu mwaka 1890 kwamba kila mtu huona dhambi yake mwenyewe ndani ya Dorian Gray, na kwamba dhambi za Dorian hakuna azijuaye. Msomaji anajaza mwenyewe pale palipoachwa wazi, na anachojaza kinamtisha kwa sababu kimetoka kwake.

Filamu ikijaza nafasi hiyo, mtazamaji anapumzika. Akiona kitanda, chupa na wanawake wenye nguo pungufu, anasema moyoni, "Kumbe ni haya tu." Hapo ndipo filamu ya Oliver Parker ya mwaka 2009, Ben Barnes akiwa Dorian, ilipoteleza kwa maoni yangu. Ilikuwa na uhuru wote wa kuonyesha, ikautumia wote. Filamu ya Albert Lewin ya mwaka 1945, iliyotengenezwa na MGM, haikuwa na uhuru huo. Hollywood ya wakati ule ilibanwa na kanuni za maadili zilizosimamiwa kwa ukali tangu 1934, na mengi hayakuruhusiwa hata kutajwa. Lewin akalazimika kufanya alivyofanya Wilde: kutuonyesha watu walioharibika na kumwacha mharibifu akiwa msafi kama alivyokuwa. Katika filamu yake kijana Adrian Singleton anaonekana kwenye kilabu cha hovyo, amekwisha kabisa, na Dorian anasimama mbele yake koti limenyooka na nywele hazijachezewa na upepo. Ukishaona hivyo huhitaji kuambiwa kilichopita kati yao.

Kitabu kina onyesho moja ambalo ningelifundisha katika kila darasa la uandishi wa filamu. Dorian ameshamuua Basil na anahitaji maiti iyeyushwe. Anamwita Alan Campbell, mwanakemia aliyekuwa rafiki yake na sasa hataki hata kumwona. Anambembeleza, Campbell anakataa. Anamwomba tena, anakataa. Basi Dorian anachukua kipande cha karatasi, anaandika kitu, anakisoma mara mbili, anakikunja kwa uangalifu na kukisukuma mezani. Kisha anasimama na kwenda dirishani. Campbell anafungua, anasoma, uso unampauka, na anaanguka kitini. Hatuambiwi kamwe kilichoandikwa pale. Hakuna mtutu wala sauti iliyopandishwa, ni karatasi tu na nyuso mbili, na moja ya nyuso hizo inatazama nje. Hapa kificho cha Wilde na kazi ya kamera vinakutana bila kugombana. Mwongozaji anayetafuta namna ya kupiga picha dhambi isiyo na jina ameshaoneshwa njia na mwandishi mwenyewe.

Tatizo la pili ni picha. Katika kitabu kila msomaji anaichora kichwani mwake. Badiliko la kwanza ni dogo mno: baada ya Dorian kumtupa Sibyl Vane, yule msichana atakayejiua, anarudi nyumbani na kuona kwamba mdomo wa kwenye picha umepata mkunjo wa ukatili. Mkunjo mmoja tu. Anakisogeza kiyoo, anautafuta mdomoni mwake mwenyewe na haoni kitu. Hofu yote ya kitabu inaanzia kwenye ule mkunjo, na kuuonyesha kwenye skrini ni kazi ngumu kweli kweli, kwa kuwa mtazamaji aliyeiona picha ile dakika chache tu kabla huenda asitambue tofauti.

Mwisho wa safari ndio unaodai jambo kubwa zaidi: picha iliyooza kabisa. Lewin alifanya uamuzi ambao hadi leo naustaajabia. Filamu yake ni ya nyeusi na nyeupe, lakini picha inapooneshwa katika nyakati teule, skrini inageuka kuwa ya rangi. Mwanzoni unaiona ya kijana, iliyochorwa na Mreno Henrique Medina, imetulia na kupendeza. Mwishoni unaiona ile nyingine, na rangi zinakupiga usoni bila onyo. Dorian wa kwenye picha anaonekana katika rangi huku Dorian mwenyewe akiwa wa kijivu. Kwa hesabu hiyo picha ndiyo yenye uhai na mtu amebaki kivuli. Ni wazo la kitabu lililosemwa kwa njia ambayo kitabu chenyewe kisingeweza.

Aliyeichora ile picha iliyooza ni Ivan Albright, na uchaguzi huo haukuwa wa kubahatisha. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Albright alikuwa katika hospitali ya jeshi huko Nantes, Ufaransa, akichora majeraha ya askari kwa ajili ya madaktari. Alijua nyama ya mtu inavyopasuka na inavyobadilika rangi. Katika picha ya Dorian hakuishia kwenye uso: nguo zimeoza, zulia limeoza, hata hewa ya chumba unahisi imechacha. Picha hiyo, yenye kimo cha zaidi ya mita 2, iko katika makumbusho ya sanaa ya Art Institute of Chicago, ambako inaheshimiwa kama kazi ya sanaa kwa haki yake, filamu au pasipo filamu. Mpigapicha wa filamu hiyo, Harry Stradling, alipata tuzo ya Oscar kwa picha za nyeusi na nyeupe. Katika tukio la kuuawa kwa Basil taa inayoning'inia inaguswa na kuanza kuyumba, na mwanga unakwenda na kurudi juu ya chumba kile mpaka mtazamaji naye anahisi kizunguzungu.

Filamu ya 2009 iliichukua picha kama jini. Inapumua, inakoroma, inatoka funza. Teknolojia iliruhusu, na naelewa kishawishi. Lakini picha inayotembea imeshakuwa mnyama, na mnyama unaweza kumkimbia. Ya Wilde imetulia ukutani. Inamngoja Dorian, naye ndiye anayepanda ngazi kuifuata.

Na anaifuata kwa raha. Hili watu wengi walioisikia hadithi bila kuisoma hawalijui. Katika sura ya 11 Dorian anakwenda katika kile chumba cha juu, alichosomea alipokuwa mtoto, anasimama mbele ya picha akiwa na kiyoo mkononi, anatazama uso ulioharibika, anatazama uso mzuri kiyooni, na tofauti ile inamfurahisha. Anachunguza kila mkunjo kama mtu anayehesabu mali. Mwongozaji akimfanya Dorian aiogope picha tangu mwanzo hadi mwisho, anakuwa amempunguzia ubaya wake. Kijana huyu anajipenda mara mbili: anaupenda uzuri wake, na anaupenda uozo wake kwa kuwa nao ni wake.

Sura hiyo hiyo ya 11 ina tatizo jingine, zito zaidi kwa filamu: inameza miaka. Dorian ni kijana wa miaka 20 na kitu anapochorwa, na usiku wa kumuua Basil ni mkesha wa kutimiza miaka 38. Katikati, Wilde anaorodhesha manukato, vito, ala za muziki na vitambaa vya tarizi ambavyo Dorian anavikusanya, ukurasa baada ya ukurasa. Msomaji anachoka kidogo, na uchovu ule ndio unaomfanya ahisi muda umekwenda. Filamu haiwezi kumchosha mtazamaji makusudi. Tena mhusika mkuu hazeeki, kwa hiyo ile njia ya kawaida ya kuonyesha miaka, kumtia mwigizaji mvi na mikunjo, haipo. Utajuaje kwamba miaka 18 imepita?

Jibu lililopatikana ni la kuvutia, na limepatikana mara mbili kwa nyakati tofauti. Lewin alimbuni msichana anayeitwa Gladys, mpwa wa Basil. Mwanzoni ni mtoto mdogo anayeongeza herufi yake chini ya sahihi ya mchoraji. Baadaye ni mwanamke mzima, Donna Reed, anayempenda Dorian. Parker naye alimbuni Emily, binti wa Lord Henry, aliyechezwa na Rebecca Hall, ambaye hajazaliwa hadithi inapoanza na ni mtu mzima inapofikia kilele. Filamu mbili zilizopishana miaka 64 zilihitaji kitu kilekile: mtoto anayekua mbele ya mtu asiyekua. Hakuna mtoto wa namna hiyo kitabuni. Wasomaji wakali hulalamika kwamba ni mapenzi ya kubandika, na kweli yamebandikwa. Lakini bila Gladys muda wa filamu ya 1945 usingeonekana, kwa hiyo mimi namsamehe Lewin kwa hilo.

Uso usiozeeka unamtesa pia mwigizaji. Hurd Hatfield, Dorian wa 1945, anaigiza kama aliyevaa kinyago. Nyusi hazipandi, sauti haitetemeki, macho yanakaa palepale. Wapo waliomwona mkavu. Mimi naona alikuwa amemwelewa mtu wake, kwa kuwa uso unaoandikwa na kila hisia ndio uso unaozeeka, na Dorian alishauhamishia mzigo huo ukutani. Gharama yake ni kwamba hatumwoni ndani, na Lewin akalazimika kumleta msimulizi, sauti ya Cedric Hardwicke, atueleze Dorian anawaza nini. Filamu inayotegemea msimulizi inakiri kwamba kuna jambo picha zake zimeshindwa kulisema.

Sibyl Vane ni fundo ambalo sijaona likifunguliwa vizuri. Kitabuni ni mwigizaji wa jukwaani katika ukumbi mchafu wa London, anamcheza Juliet wa Shakespeare kwa namna inayomtia Dorian wazimu. Akishampenda Dorian kikweli, kuigiza mapenzi kunamwia uongo, na usiku ambao Dorian amewaleta rafiki zake kumtazama, anacheza vibaya mno. Anafurahi kwa hilo! Dorian anamwambia kwamba ameyaua mapenzi yake, kwa sababu alichompendea ni sanaa, na sanaa imekwisha. Usiku uleule msichana anakunywa sumu. Sasa mweke mwigizaji stadi aigize vibaya makusudi, kwa njia ambayo mtazamaji ataelewa kwamba ni Sibyl aliyeshindwa, si mwigizaji mwenyewe. Wachache wanathubutu. Lewin alikwepa: Angela Lansbury, ambaye nafasi hii ilimpeleka hadi kuteuliwa kuwania Oscar, ni mwimbaji wa kilabu, na Dorian, kwa ushauri wa Lord Henry, anamjaribu kwa kumtaka abaki nyumbani kwake usiku. Anabaki, na kesho yake anaandikiwa barua ya kuachwa. Tukio linachoma, Lansbury anauma moyo wa mtu. Ila kisa kimebadilika. Wilde alimfanya Dorian amwache msichana kwa kosa la kuigiza vibaya, jambo baya zaidi na geni zaidi kuliko kumwacha kwa kisingizio cha heshima yake.

Kuhusu mazungumzo nitasema machache. Wilde mwenyewe aliandika kwenye barua kwamba kitabu hiki kinafanana na maisha yake: maongezi matupu bila vitendo, watu wamekaa vitini wanapiga soga. Soga zenyewe ni za Lord Henry, na George Sanders wa 1945 anazitema kama mtu asiyejali kama unamsikiliza. Hiyo ndiyo sumu yake. Colin Firth, mwaka 2009, amepewa binti wa kumwogopea, na kwa hiyo Lord Henry anajifunza kujuta. Ninaelewa kwa nini mtayarishaji angetaka hivyo. Lakini Lord Henry wa kitabuni hajifunzi lolote. Anamharibu kijana kwa maneno na kuendelea na chakula chake cha jioni.

Wengine waliamua kubadilisha chombo chenyewe. Filamu ya televisheni ya Marekani ya mwaka 1983 ilimfanya Dorian kuwa mwanamke, mwigizaji, na kinachozeeka badala yake ni ile filamu fupi ya majaribio aliyopigwa siku ya kwanza. Ni wazo zuri kuliko filamu iliyolibeba. Na mwongozaji wa Australia, Kip Williams, aliipeleka hadithi hii kwenye jukwaa lililojaa skrini: mwigizaji mmoja anacheza wahusika wote 26, akifuatwa na kamera mbele ya watazamaji, na wakati fulani anaubadilisha uso wake kwa filta za simu. Sarah Snook alipoicheza London mwaka 2024 alipata tuzo ya Olivier, ya maigizo ya jukwaani. Pale hakuna haja ya kueleza kwa mtu wa leo kwa nini kijana anaweza kuipenda picha yake kuliko nafsi yake. Kila mmoja ana picha hiyo mfukoni.

Nilisema nitamrudia Basil. Mwanzoni kabisa mwa riwaya anakataa kuipeleka picha kwenye maonyesho, kwa sababu anasema ametia nafsi yake mwenyewe ndani yake kupita kiasi. Anampenda Dorian, na mapenzi hayo ndiyo yaliyotia uhai kwenye rangi. Wilde aliyapunguza makali mwaka 1891, na bado mwaka 1895 wakili Edward Carson aliyasoma yale ya toleo la 1890 mahakamani dhidi yake. Mwaka huo huo Wilde alihukumiwa miaka 2 ya kazi ngumu kwa uhusiano wake na wanaume. Ikiwa mkono wa Basil ndio ulioiumba picha kwa mapenzi, basi kisu anachochomwa kinatoka kwa kile alichokiumba, na Dorian anapokitumia kisu hichohicho kuichoma picha mwishoni, anamuua Basil mara ya pili. Filamu nyingi humfanya Basil kuwa mtu mwema mwenye nasaha, anakuja, anaonya, anakufa. Tangu 2011 mswada wa Wilde kabla haujafyekwa na Stoddart umechapishwa na Harvard, na maneno ya Basil yamo humo kama yalivyoandikwa. Hadithi yenyewe haina hakimiliki tena. Mtengeneza filamu wa Dublin, wa Lagos au wa Dar es Salaam anaweza kuichukua bila kulipa senti. Ningependa kuona mmoja akianzia na Basil, mbele ya turubai, akijitetea kwa nini hataki picha ile ionekane na mtu.